Patricia Routledge hakuanza na Hyacinth: jibu kwa mwigizaji wa Morogoro

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwigizaji wa vichekesho, nina miaka 37, kikundi chetu kipo Morogoro. Kwenye kundi letu la WhatsApp yamesambazwa maandishi yanayodaiwa kuwa ya Patricia Routledge, yule mama wa Kiingereza aliyeigiza Hyacinth kwenye Keeping Up Appearances. Yanasema alihangaika bila mwelekeo, mpaka alipopewa nafasi hiyo ya televisheni akiwa na miaka 50. Wenzangu wamefarijika, wanasema basi na sisi tusubiri zamu yetu. Je, ni kweli? Na nikitaka kujifunza kwake, nianzie wapi?*

Marahaba, binti yangu. Maandishi hayo na mimi yamenifikia. Si yake, na hesabu ndogo tu inatosha kuyaangusha. Patricia Routledge alizaliwa tarehe 17 Februari 1929. Keeping Up Appearances ilianza kurushwa na BBC tarehe 29 Oktoba 1990. Siku hiyo alikuwa na miaka 61. Mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe hapotezi miaka 11 njiani.

Lakini kosa la umri ndilo dogo. Linaloniuma ni kwamba maandishi yale yanafuta karibu miaka 40 ya kazi ya mwigizaji aliyeiva kuliko wengi wa kizazi chake, kisha yanawaambia ninyi vijana mkae msubiri. Yeye hakusubiri hata kidogo. Ngoja nikupitishe katika kazi hiyo, maana ukishaijua utamtazama Hyacinth kwa macho mengine.

Kwao ni Tranmere, mtaa wa Birkenhead, mji wa bandari na viwanda vya meli ulio ng'ambo ya mto Mersey ukitazamana na Liverpool. Baba yake alikuwa na duka la nguo za wanaume. Vita Kuu ya Pili ilipoanza Patricia alikuwa na miaka 10, na mji kama ule haukuachwa na mabomu ya Wajerumani. Familia ilijihifadhi chini ya duka. Baadaye alisoma lugha ya Kiingereza na fasihi yake katika Chuo Kikuu cha Liverpool. Hilo la fasihi litunze kichwani, nitalirudia. Mwaka 1952 akapanda jukwaani kwa malipo katika ukumbi wa Liverpool Playhouse, na mafunzo ya uigizaji akayapata katika shule ya Bristol Old Vic.

Kumbi za mikoani za Uingereza wakati ule zilikuwa na waigizaji wa kudumu, na igizo lilibadilishwa kila baada ya wiki chache. Mchana mnafanya mazoezi ya igizo lijalo, usiku mnaonyesha lililopo. Mwezi huu wewe ni malkia, mwezi ujao ni mpishi. Huna muda wa kungoja hisia zikushukie; unashika maneno, unajifunza kusikika mpaka kiti cha mwisho bila kipaza sauti, na unajua kabla ya saa nne usiku kama kichekesho chako kimefika au hakikufika, kwa sababu hadhira ipo mbele yako na haina adabu ya kukuficha. Nadhani hakuna chuo kinachoshinda hicho, na naumia kwamba hata Uingereza kwenyewe utaratibu huo umekaribia kwisha.

Juu ya hayo alikuwa na sauti. Nasema sauti ya kuimba, sauti nzito ya kike iliyofunzwa kikamilifu, na hiyo ndiyo iliyomfikisha London mwaka 1954 katika mchezo wa muziki uitwao The Duenna. Televisheni nayo alianza kuonekana mapema: mwaka 1961 alikuwa kwenye Coronation Street, tamthilia iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza. Wazee wetu waliokwenda sinema kumtazama Sidney Poitier katika To Sir, with Love ya mwaka 1967, akiwa mwalimu mweusi kwenye shule ya watoto watundu wa mashariki ya London, walimwona na Patricia pia. Alikuwa mmoja wa walimu wenzake. Ni kipande kidogo, lakini mtafute.

Kisha Marekani. Januari 1968 alifungua Broadway, New York, katika Darling of the Day, mchezo wa muziki ulioandikwa na Jule Styne na E. Y. Harburg, akiigiza na Vincent Price. Mchezo ulifungwa baada ya maonyesho 31 tu, ila yeye akatoka na tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kike katika mchezo wa muziki, akishirikiana ushindi na Leslie Uggams. Tony ndiyo tuzo ya juu kabisa ya jukwaa la Marekani. Alikuwa na miaka 39, yaani amekuzidi wewe miaka miwili. Sasa niambie, huyo ndiye mtu asiye na mwelekeo?

Pale pale Broadway, mwaka 1976, alipata pigo ambalo lingemrudisha mwingine nyumbani moja kwa moja. Leonard Bernstein na Alan Jay Lerner, majina mawili makubwa kabisa katika muziki wa jukwaani, waliandika 1600 Pennsylvania Avenue kuhusu Ikulu ya Marekani na watu walioishi humo. Mwanamume mmoja aliigiza marais, na Patricia akaigiza wake zao. Mchezo ulidumu maonyesho 7. Humo ndani, hata hivyo, kulikuwa na wimbo uitwao Duet for One, ambamo mwigizaji mmoja anaimba wanawake wawili siku ya kuapishwa kwa rais mpya: Julia Grant anayeondoka na Lucy Hayes anayeingia. Anageuka huyu, anageuka yule, sauti hii nzito yenye uchungu, ile nyembamba yenye furaha ya mshindi, na mwendo unazidi kuwa wa haraka mpaka hujui anapumulia wapi. Hadhira ilimshangilia mpaka mchezo ukasimama. Rekodi ipo, isikilize. Ukiisikiliza mara mbili utaanza kuelewa kwa nini miaka 14 baadaye mwanamke huyu aliweza kubadilisha sauti katikati ya sentensi moja ya simu ya Hyacinth.

Aliporudi kwao aliendelea bila kupumzika. Mwaka 1982 alikuwa katika kundi la kwanza lililoonyesha Noises Off ya Michael Frayn, mchezo kuhusu waigizaji wanaoharibikiwa kila kitu: milango, simu, sahani za dagaa, mapenzi ya nyuma ya pazia. Ni igizo linalokwenda kwa sekunde. Ukichelewa kufungua mlango, mwenzako anabaki amesimama bila kazi na kicheko kimekufa. Mwaka 1984 akaenda kwenye kampuni ya Royal Shakespeare kuwa Malkia Margaret katika Richard III, mjane mwenye laana mdomoni, na Antony Sher akiwa Richard. Mwaka 1988 akawa bibi kizee katika Candide, mchezo wa muziki wa Bernstein huyohuyo, akapata tuzo ya Olivier, ambayo kwa jukwaa la London ni sawa na Tony kwa New York.

Lakini kama ungeniuliza ni wapi Hyacinth alipikwa, nisingekutajia hizo. Ningekutajia waandishi wawili wa kaskazini mwa Uingereza, Alan Bennett na Victoria Wood.

Bennett alimwandikia mazungumzo ya mtu mmoja mbele ya kamera. La kwanza, A Woman of No Importance, lilirushwa mwaka 1982: mwanamke wa ofisini anayejiona mhimili wa kila kitu pale kazini anasimulia habari za kantini, nani kakaa meza gani na nani, na polepole wewe mtazamaji unatambua kwamba anaumwa, na kwamba hana mtu. Yeye mwenyewe hasemi hivyo hata mara moja. Kisha mwaka 1988, katika mfululizo wa Talking Heads, likaja A Lady of Letters. Irene Ruddock ni mwanamke mpweke mwenye kalamu nzuri, kazi yake kuandika barua za malalamiko kwa kila mtu: halmashauri, polisi, majirani. Anaamini analinda maadili ya jamii. Anawashuku majirani walio mkabala naye kwamba wanamtesa mtoto wao, anawaandikia na hao. Ukweli unapojulikana, wewe mtazamaji unataka ardhi ipasuke. Anaishia gerezani, na huko, kati ya wanawake ambao zamani angewaandikia barua, anapata marafiki kwa mara ya kwanza.

Nenda kamtazame humo. Hapepesi jicho kukuomba ucheke. Hafinyangi uso. Anakaa kwenye kiti, anazungumza, anaamini kila neno lake, na kicheko chako kinatoka kwenye nafasi iliyopo kati ya anachosema na unachokiona wewe. Hapo ndipo ile fasihi ya Liverpool inaporudi. Alisoma maandishi kwa heshima. Hakuongeza neno lake wala kuruka nukta. Bennett ameandika sentensi zenye mapigo, na mwigizaji aliyefunzwa kuimba anayasikia mapigo hayo.

Victoria Wood naye, mwaka 1985 na 1986, alimpa Kitty, mama wa Cheadle, karibu na Manchester, anayetoa maoni kuhusu kila jambo huku akijisifu bila kujua kwamba anajisifu. Ni vipande vifupi. Vichekesho vyake viko kwenye majina ya vitu vidogo, aina ya biskuti, jina la mtaa, na Patricia anavitamka kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

Kwa hiyo Roy Clarke alipoandika Keeping Up Appearances, mwigizaji tayari alikuwa amekamilika. Hyacinth ni mwanamke wa tabaka la kawaida aliyejitangaza kuwa wa tabaka la juu. Jina la mumewe ni Bucket, yaani ndoo, naye amekazana litamkwe Bouquet, kama shada la maua. Anaalika watu kwenye chakula cha usiku cha mishumaa, na watu wanatafuta udhuru wa kukimbia. Dada zake Daisy na Rose wanaishi kwenye nyumba za halmashauri pamoja na shemeji Onslow, mwenye fulana na bia, na gari la Onslow likitoa mlio barabarani Hyacinth anatamani kuzimia. Watu wa pwani watasema mwacha asili ni mtumwa, na kweli, maisha yake yote ni utumwa wa kuficha alikotoka. Kwa Uingereza jambo hilo lina makali ya pekee, maana matamshi ya mtu pale ukimwuliza njia tu yanakwambia baba yake alifanya kazi gani. Patricia alikuwa mtoto wa mwenye duka wa Birkenhead. Aliijua ngazi hiyo ya kijamii kila kidaraja chake. Sikiliza jinsi sauti ya Hyacinth inavyopanda anapozungumza na kasisi, na jinsi matamshi ya nyumbani yanavyomponyoka akishtuka.

Sasa yatazame mambo matatu kwa jicho la kazi.

Simu kwanza. Nusu ya Hyacinth ipo kwenye ile simu yake nyeupe. Mtu anapiga akidhani ni mgahawa wa Kichina, au ni mwanawe Sheridan aliye chuoni, ambaye katika kipindi kizima hatumwoni hata mara moja, na kila akipiga anataka fedha. Mtu wa upande wa pili hayupo. Patricia anamsikiliza asiyekuwepo kwa muda halisi, anamwachia nafasi ya kusema, anakatizwa naye, na uso unaonyesha taarifa ikifika kabla mdomo haujajibu. Hiyo ni kazi ya Bennett iliyohamishiwa sebuleni.

Kisha kuimba. Hyacinth anajidhani mwimbaji, na jirani yake Emmet, anayeongoza muziki, hutoka nyumbani kwa kunyata ili asimwimbie. Anaimba vibaya mno, kwa nguvu, na kwa furaha. Ila mwezi Desemba 1992, vipindi hivyo vikiendelea kutengenezwa, Patricia huyohuyo alisimama katika National Theatre ya London akiwa Nettie Fowler kwenye Carousel, na Nettie ndiye anayeimba You'll Never Walk Alone. Ndiyo, wimbo wa mashabiki wa Liverpool. Ulitoka kwenye mchezo huo wa mwaka 1945 kabla haujafika Anfield. Binti wa ng'ambo ya Mersey aliuimba kwa sauti yake kamili. Ili uharibu wimbo kwa kiasi kinachochekesha kila mara, na usiiharibu sauti yako, ni lazima ujue hasa sauti sahihi ilipo.

Tatu ni mwili. Kila akiingia kwa Onslow mbwa aliyelala kwenye gari bovu anambwekea, naye anarushwa kwenye ua wa majani. Unajua litatokea. Linachekesha kwa sababu kabla yake amekuja kwa mwendo wa malkia, kofia imekaa, glavu zimebana, na baada yake anajaribu kuurudisha ule umalkia palepale bila kukiri kwamba kuna kilichotokea. Wengi kwetu tunakimbilia kuanguka. Yeye alitumia muda wake kwenye hadhi, na kuanguka kukawa kwa sekunde moja.

Nikiongeza jambo, nitaongeza wenzake, maana hakuchekesha peke yake. Clive Swift, aliyekuwa mume wake Richard, na Josephine Tewson, aliyekuwa jirani Elizabeth, ambaye mikono inamtetemeka kila akipewa kikombe cha gharama cha Hyacinth, ndio wanaompa ukubwa. Vichekesho vya tufani vinahitaji watu wanaoipokea. Katika kikundi chenu kila mtu akitaka kuwa Hyacinth mtakwama.

Ilipofika Krismasi ya 1995, baada ya misimu 5 na sehemu 44, yeye ndiye aliyeamua kuacha. Alimtaja Ronnie Barker, mchekeshaji aliyekuwa na desturi ya kuacha kipindi kikiwa kileleni, na akaona heri watazamaji wabaki na hamu kuliko wachoke. Mwezi Januari 1996, akikaribia miaka 67, alikuwa tayari ameanza Hetty Wainthropp Investigates, akiigiza mama wa nyumbani wa Lancashire aliyefikisha miaka 60 na kuwa mpelelezi wa kujitegemea, na kijana msaidizi wake akiwa Dominic Monaghan, ambaye baadaye dunia ilimjua kwenye The Lord of the Rings. Hetty ni mtulivu, mkweli, hana maringo. Naamini alimchagua kwa makusudi ili Hyacinth asimmeze. Mwaka 1998 akarudi kwa Bennett na Miss Fozzard Finds Her Feet, na mwaka 1999 akawa Lady Bracknell, bibi wa tabaka la juu katika igizo la Oscar Wilde, huko Chichester.

Baada ya hapo hakuhitaji televisheni. Alizunguka na onyesho kuhusu Myra Hess, mpiga piano aliyeandaa matamasha ya mchana katika jumba la picha la National Gallery wakati London ikipigwa mabomu, kiingilio shilingi moja. Patricia alisoma maneno ya Myra, Piers Lane akapiga piano. Mwanzoni mwa 2017 alipewa heshima ya Dame, cheo cha kifalme cha Uingereza kwa wanawake. Hakuolewa wala kupata watoto. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2025, akiwa na miaka 96. Wakati huo BBC walikuwa wameshatangaza, tangu 2016, kwamba Keeping Up Appearances ndicho kipindi walichokiuza nje kuliko vyote, karibu mara 1,000.

Umeuliza uanzie wapi. Usianze na Hyacinth. Anza na A Lady of Letters, uitazame yote bila kukatiza, halafu uitazame tena bila sauti, uone jinsi uso unavyofanya kazi kidogo kuliko unavyokumbuka. Fuata Kitty, uvisikilize vipande kwa macho yaliyofumbwa. Sikiliza Duet for One. Ukishatoka huko ndipo uende kwa Hyacinth, kwenye zile sehemu anazozungumza na Sheridan.

Kisha chukua simu moja kati ya hizo. Andika kwa kalamu maneno yote ya yule tusiyemsikia, sentensi kwa sentensi, mpaka ujue anapumua wapi. Tafuteni mama yenu wenyewe wa Morogoro, anayeringia mwanawe aliye Dar, mwandikieni simu yake kwa Kiswahili cha mtaani kwenu. Mwenzako asome maneno ya mtoto kwa sauti wakati wa mazoezi, mara nyingi, mpaka mwili wako uyajue. Siku ya onyesho mwondoe, ubaki wewe na simu, na nafasi zote za kimya uziache palepale zilipokuwa. Mkirekodi, niletee nitazame.